NGAMIA NA MBINGU: JE, FEDHA ZA ANGA ZA JUU NI ISRAFU?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twapenda kuwawekea ndugu zetu wasomaji suala lililoletwa katika darsa yetu, nalo halikwisha kwa usiku mmoja wala kwa siku mbili. Mwenzetu mmoja, mfanyabiashara wa nguo na vyombo ambaye safari zake humfikisha Lodwar na Kakuma, mara hii riziki yake ilimpeleka mpaka Lowarengak, kitongoji kilicho ukingoni mwa Ziwa Turkana, upande wa magharibi, karibu na mpaka wa Uhabeshi. Aliporejea alikaa nasi baada ya sala ya Isha akatusimulia aliyoyaona. Alisema amewakuta wanawake wakichimba mchanga katika mkondo wa mto uliokauka, shimo limefika kimo cha mtu. Mmoja yumo ndani akiteka kwa kikombe, na wenziwe wako juu wakipokea. Maji yakipatikana hunywa watu, kisha mbuzi, kisha ngamia.

Na ziwa liko pale pale, macho yanaliona. Lakini maji yake ni ya magadi, na yana madini yanayoharibu meno na mifupa ya mwenye kuyanywa miaka mingi. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Baharia aliyeishiwa maji katika kasiki, naye amezungukwa na bahari pande zote, aijua vyema kiu ya namna hii.

Alipokwisha kusimulia, mwenzetu akauliza: Serikali iliyopata shilingi milioni 50 za kutengeneza setilaiti na kuirusha mbinguni, imekosaje fedha za kumpa mama yule mfereji? Na je, sheria yetu yasemaje juu ya mtu anayeangalia nyota ilhali jirani yake ana kiu?

Darsa ikagawanyika. Wako waliosema kuwa huo ni ubadhirifu mtupu, na wabadhirifu Kurani imewahesabu kuwa ni ndugu wa mashetani. Wako waliosema kuwa hiyo ni elimu, na elimu haipimwi kwa kibaba. Na mzee wetu mmoja akasema kuwa mbingu ni siri ya Mungu, haifai kuchokorwa. Kila mmoja alikuwa na lake, na sauti zikapanda. Basi tumeona ni wajibu kulichunguza jambo hili kwa uadilifu, tusije tukahukumu kwa hasira wala kwa ushabiki.

KHABARI YENYEWE ILIVYO

Yatupasa kwanza tujue tunachokizungumza. Setilaiti iliyotajwa huitwa Taifa-1. Ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California, Marekani, juu ya roketi ya kampuni ya SpaceX, baada ya kuahirishwa kwa ajili ya hali ya hewa. Siku hizo zilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani, nasi wengi wetu tulikuwa misikitini. Ni chombo kidogo ambacho mtu mmoja aweza kukibeba mikononi. Kazi yake iliyotajwa ni kupiga picha za ardhi zitakazosaidia kilimo na kuangalia mazingira. Kabla yake, mwezi Mei 2018, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitoa chombo kidogo zaidi kwa msaada wa Wajapani na Wataliana, na Shirika la Anga la Kenya liliundwa mwaka 2017.

Shilingi milioni 50 ni fedha nyingi kwa mtu, lakini tuzigawe. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 47,564,296 katika Kenya. Kwa hivyo kila kichwa kilitoa shilingi moja na senti chache. Mwenye kusema kuwa shilingi moja ndiyo iliyomnyima mama wa Lowarengak maji, hakufanya hesabu.

Lakini na tusimdhihaki aliyeuliza. Hesabu hii ni kweli, ila si jawabu kamili. Shilingi moja mkononi mwa kila mtu si kitu, bali shilingi milioni 50 zikikusanywa mahali pamoja ni visima kadhaa, na kisima kimoja ni uhai wa kitongoji kizima. Na Turkana si nchi ya watu wachache. Hesabu ile ile ilikuta watu 926,976, na uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kuwa katika kila watu 100 wa huko, 79 waliishi chini ya kiwango cha umaskini. Nao ukame uliokwisha mwaka 2023 uliwanyima mvua misimu mitano mfululizo. Taifa-1 ilipopaa, mizoga ya mifugo ilikuwa bado haijaoza. Basi mwenye kuuliza ana haki ya kuuliza, na mwenye kumcheka ndiye mwenye kosa.

Wala suala hili si geni duniani. Julai 1969, Wamarekani walipokuwa tayari kupeleka watu mwezini, kasisi Ralph Abernathy, aliyeshika nafasi ya Martin Luther King, aliongoza jamaa za mafukara hadi karibu na uwanja wa roketi huko Florida, pamoja na nyumbu na magari ya kukokotwa. Alitaka dunia imwone nyumbu kando ya roketi. Na Wamarekani hawakutumia shilingi moja kwa kichwa. Safari zile za mwezini ziligharimu kadiri ya dola bilioni 25 za wakati huo, na mwaka 1966 shirika lao la anga lilikula zaidi ya senti nne katika kila dola ya serikali. Kwa hivyo hoja ya mwenzetu imekwisha kusemwa na watu wazima wenye akili, mbele ya dola kubwa kuliko yetu.

KURANI IMEWEKA VITU VINNE PAMOJA

Ama yule mzee wetu aliyesema mbingu isichokorwe, twamheshimu kwa umri wake, lakini hatuafikiani naye. Wazee wetu wenyewe wasingevuka bahari bila ya kuzijua nyota. Nahodha aliyetoka Lamu au Mombasa kwenda Maskati aliipima njia yake kwa nyota usiku, na hesabu ya nairuzi ilimwambia siku ya kung'oa nanga. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi, hakuomba dhahabu kwanza. Aliomba rubani. Al-Biruni aliupima mzingo wa dunia karibu miaka elfu iliyopita, na Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, alijenga huko Samarkand nyumba kubwa ya kutazamia nyota katika karne ya kumi na tano. Kibla chetu, nyakati za sala zetu na miezi yetu vyote vyatuelekeza juu. Mtu atakaye kuwazuia Waislamu kutazama mbingu, itabidi awazuie kwanza kufunga Ramadhani.

Wala hatupendi mwendo wa wale ambao kila chombo kipya kikitoka hukimbilia Kurani na kudai kuwa kimetajwa humo. Kurani haikushuka ili kuthibitisha mashine za Wazungu. Imeshuka ili kuongoza nyoyo na amali. Lakini iko sehemu moja katika Surat al-Ghashiya ambayo tulipoisoma usiku ule ilitunyamazisha sote. Humo Mwenyezi Mungu anawahimiza watu watazame na wazingatie vitu vinne: ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimikwa, na ardhi ilivyotandazwa.

Tuzingatie mpango huo. Ngamia ametangulia, kisha mbingu. Aliyeambiwa atazame juu ndiye aliyekwisha kuambiwa amtazame ngamia aliye mbele yake, na akishatazama juu hurudishwa chini kwenye ardhi anayoikanyaga. Hakuruhusiwa achague kimoja. Mwenye kumtazama ngamia tu, asiinue kichwa, amesoma robo. Na mwenye kutazama mbingu, akamsahau ngamia na mwenye ngamia, naye amesoma robo. Hapo ndipo tulipoona kuwa darsa yetu ilikuwa ikigombana bila sababu, kwani kila kundi lilishika kipande.

JE, JICHO LA MBINGUNI LAMWONA NGAMIA?

Sasa tuulize: je, vyombo hivi vya juu vyamfaa chochote mchunga ngamia? Jawabu ni naam, tena zaidi ya wengi wetu tunavyojua.

Jani bichi huimeza nyekundu ya mwanga wa jua na kurudisha mwanga mwingine ambao jicho la mtu halioni. Setilaiti hupima mianga hiyo miwili, na kwa hesabu hiyo hujua malisho ni mabichi au yamekauka. Kisha hulinganisha na majira kama hayo katika miaka iliyopita. Mamlaka ya serikali inayoshughulikia ukame hutumia kipimo hiki kwa Turkana, Wajir, Mandera na Marsabit. Uko mpango wa kuzilipa fedha jamaa maskini katika nchi hizo nne, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, fedha za dharura hupaswa kutolewa kwa jamaa wengine zaidi, bila ya kungoja mpaka ng'ombe wafe wahesabiwe.

Kadhalika iko bima ya mifugo inayofuata kipimo hicho hicho. Wala hapa hatuna budi kutaja jambo la kutufurahisha. Mwaka 2013 kampuni ya takaful ilianza kutoa bima hii huko Wajir kwa njia isiyo na riba, na mwezi Machi 2014 wafugaji 101 walilipwa kwa sababu setilaiti ilionyesha kuwa malisho yamekauka. Hakuna aliyekwenda kuhesabu mizoga. Jicho lilikuwa juu, mkataba ulikuwa chini, na mtu akapata haki yake. Huo ndio mfano wa mbingu na ngamia kukutana.

Tena macho hayo mengi si yetu. Yalitengenezwa kwa kodi za Wamarekani na watu wa Ulaya, na khabari zake hutolewa bure. Mtu aweza kusema: basi kwa nini tujigharimu, si tuendelee kupokea cha bure? Twamjibu kwa maneno ya wazee: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayetoa bure leo aweza kufunga mlango kesho, na asiyekuwa na vijana wanaoijua kazi hiyo hatajua hata kukisoma alichopewa. Katika fiqhi yetu, elimu ambayo umma hauwezi kuendesha maslaha yake bila ya hiyo ni faradhi kifaya: wakiisimamia baadhi, wengine wamesalimika, na ikiachwa na wote, wote wana dhambi. Sisi twaona elimu ya kuijua mvua, ukame na maji imo katika faradhi hiyo.

LAKINI MAJI YA LOTIKIPI

Hapa baadhi ya ndugu zetu walitaka kufunga mjadala. Tukawaambia: subirini, kwani bado hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Mwezi Septemba 2013 serikali, pamoja na UNESCO, ilitangaza kwamba maji mengi yamegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana. Picha za rada zilizopigwa kutoka angani zilichanganywa na elimu ya miamba, na wataalamu wakasema kuwa bonde la Lotikipi, katika kaskazini ile ile ya Turkana ilipo Lowarengak, lina hazina ya maji mita za ujazo bilioni 200, na kuna hazina nyingine ndogo zaidi karibu na Lodwar. Dunia nzima iliisikia khabari hiyo. Watu walisema Turkana itakuwa bustani.

Majaribio yaliyofuata yakaonyesha kuwa maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi, hayafai kunywewa bila ya kusafishwa, na kuyasafisha ni gharama kubwa. Mama aliyeambiwa kuwa yuko juu ya bahari ya maji matamu alirudi kuchimba mchanga.

Tufahamu vizuri kosa lilikuwa wapi. Rada haikusema uongo, kwani haikuonja maji. Jicho la juu huonyesha mahali pa kutafuta. Anayethibitisha ni mtu aliye chini na kekee yake ya kuchimbia na chupa yake ya kupimia. Kosa ni kutangaza ahadi kabla ya kuonja. Na kosa kubwa zaidi ni kuwa fedha na sifa huja upesi kwa kazi ya juu inayopigwa picha na kutangazwa, bali kazi ya chini, yaani kuchimba, kutandika mabomba, kutengeneza pampu iliyovunjika, kumlipa mlinzi wa kisima, haina sifa wala haipigiwi makofi. Mwaka hadi mwaka huachwa nyuma.

Nasi wa pwani tumeliona hili mlangoni mwetu. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliana walisimamisha majukwaa baharini, na kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka huko. Mojawapo, iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya Uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani, kwani iliyatazama mbingu kwa mianga ya eksirei, na bwana aliyeongoza elimu hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ni fahari kubwa. Lakini tujiulize: katika miaka hiyo ishirini na moja, ni watoto wangapi wa Ngomeni waliofundishwa hata kuusoma mshale wa saa moja katika jukwaa lile? Wavuvi waliambiwa wasogeze ngalawa zao siku ya kurusha, wakasogeza, moto ukapita juu ya vichwa vyao, wakarudi kutega nyavu. Elimu iliondoka katika maji yao, nao haikuwagusa.

Wala hili si kosa la Wazungu peke yao. Mwezi Februari 2021 chombo cha Imarati, kilichoitwa Matumaini, kilifika kwenye sayari ya Mirihi, nacho kiligharimu kadiri ya dola milioni 200. Waislamu wengi tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini mwaka huo huo katika bara Arabu hiyo hiyo watu wa Yemen walikuwa katika vita na njaa. Mwislamu akiweza kuiona Mirihi na asiweze kumwona mtoto wa Hudaida, amerudi kwenye robo ile tuliyoitaja.

HOJA IMESIMAMA

Sasa twataka kusema neno ambalo kwa maoni yetu ndilo roho ya suala hili.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa akichelea kuulizwa na Mola wake hata juu ya mnyama atakayepotea kando ya mto Furati, naye Umar yuko Madina, mwendo wa siku nyingi. Na katika mwaka wa njaa, mwaka wa 18 wa Hijra, alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate, na akawaandikia maliwali wake walete chakula. Khabari ilikwenda kwa mwendo wa ngamia, na chakula kikaja kwa mwendo wa ngamia.

Umar hakuwa na jicho juu ya Furati. Lau mnyama angekufa huko bila ya yeye kujua, angekuwa na udhuru mbele ya watu, naye bado aliogopa. Watawala wetu leo wana jicho. Wanajua malisho ya Lowarengak yamekauka kabla ya mwenye mbuzi kuhama. Wanajua ziwa limepanda au limeshuka, kwani tangu mwaka 1992 kina chake hupimwa kutoka mbinguni. Khabari hufika Nairobi kwa saa chache, na chakula hufika Lowarengak baada ya miezi. Basi udhuru wa kutojua umeondoka. Aliyejinunulia jicho amejinunulia pia masuulia. Kila setilaiti inayopaa ni shahidi mmoja zaidi atakayesimama Siku ya Kiyama na kusema: mimi niliona, nikawaambia.

Kwa hivyo hukumu yetu ni hii. Fedha za anga za juu si israfu kwa dhati yake. Israfu ni kulipia elimu kisha kutoitumia. Mtu anayenunua taa asiiwashe ndiye mbadhirifu, si anayenunua taa. Na wanachuoni wetu, kama Imam Ghazali na Imam Shatibi, wametufundisha kupanga maslaha daraja tatu: ya dharura, ya haja, na ya kupamba. Chombo kinachotazama ukame na mvua kiko katika haja, na wakati wa njaa huingia katika dharura. Chombo kinachotafuta asili ya nyota ni cha kupamba akili, nacho ni kizuri, lakini hakitangulii maji. Na chombo kinachorushwa ili waziri apigwe picha hakimo katika daraja yoyote.

Basi serikali yetu twaiomba mambo mawili. Kwanza, kila shilingi iwekwayo katika jicho, iwekwe pamoja nayo shilingi ya mkono: ya kisima, ya bomba, ya malipo yanayofika kwa wakati. Pili, ahadi isitangazwe mpaka maji yaonjwe.

NASI JE?

Lakini makala haya yangekuwa ya unafiki lau tungeishia kwa serikali. Usiku wa mwisho wa mjadala, kijana mmoja wa darsa, ambaye hazungumzi sana, alituuliza: hizo milioni 50, zinatosha harusi ngapi za mji huu? Tukacheka kidogo, kisha tukanyamaza.

Tukaanza kuhesabu. Tukahesabu siku za harusi na kumbi za kukodi, nguo za sare zinazovaliwa mara moja, vyakula vinavyomwagwa alfajiri; tukahesabu arubaini za maiti ambazo mayatima hukopa ili wawalishe walioshiba. Hatukumaliza orodha ya mtaa mmoja. Wala fedha hizo hazikumpa mtu elimu, hazikupima malisho, hazikumwonyesha mtu mvua. Tulikuwa tumekaa siku tatu tukiihukumu shilingi moja ya serikali, na mikononi mwetu tuna maelfu yasiyo na hesabu.

Wako watakaosema kuwa watu wa Lowarengak wengi wao si Waislamu, na zaka ina wenyewe. Ama zaka, ina masharti yake na tuyashike. Lakini mlango wa sadaka ni mpana. Mtume (S.A.W.) alitusimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa aliyehema kwa kiu, na Mungu akamsamehe. Hakuulizwa dini ya mbwa. Basi itakuwaje kwa mwanamke aliye shimoni na kikombe mkononi?

Tumeafikiana, nasi twalisema hapa hadharani ili tusiweze kulirudi: yeyote katika darsa yetu atakayeoza mwana katika mwaka huu atapunguza siku moja ya sherehe, na gharama ya siku hiyo itawekwa kwa ajili ya maji ya Lowarengak. Mwenzetu mfanyabiashara amechukua jukumu la kuwatafuta huko watu waaminifu na fundi wa kuyaonja maji kabla hatujatoa senti ya kuchimba. Tumemwambia asirudi na khabari za bahari chini ya ardhi. Arudi na chupa.

Na kwa wazazi twasema: mtoto wenu akipenda hisabati na nyota, msimwambie kuwa hayo si ya Waislamu. Mpelekeni asome. Lakini kabla hajaondoka, mwonyesheni ngamia.

Wallahu aalam.